Muuzaji Huonja Kwanza

Watu hucheka nikisema nimestaafu. Wacheke tu. Ndevu zangu bado hazijaamua zitaota wapi, lakini nina kazi niliyoifanya mpaka mwili ukakataa, na sasa nimeiacha. Kama huko si kustaafu, basi anayecheka anitafutie neno lingine.

Ninawaandikia nyinyi mnaokaa sasa kwenye viti virefu vya maduka ya vepu, kuanzia Migori mpaka Homa Bay. Kwa kuwa karatasi hizi zinaweza kusomwa na mama zenu pia, nieleze: vepu ni sigara ya betri. Haina moto wala majivu. Inapasha moto maji yenye nikotini na ladha, maji yanakuwa mvuke, na mtu anauvuta mvuke huo. Kinachouza ni ladha. Embe, nanasi, zabibu, mnanaa, biskuti, hata keki ya siku ya kuzaliwa. Kuhusu mshahara na vyeo sitaandika kitu. Mshahara uliisha, na vyeo havikuwepo. Shule yangu iliishia darasa la nane na mkono wangu ni mzito, kwa hiyo nitaandika kazi yenyewe tu, jinsi nilivyoifanya na jinsi ilivyonifanya.

Nilianza Migori. Nilitoka kwetu, karibu na Rodi Kopany, ambako nilikuwa nikipakia magunia ya viazi vitamu siku za soko. Mimi ni mtu wa aibu. Watu watatu wakinisalimia kwa pamoja, nasahau jina langu. Mwenye duka alikuwa mama tuliyemwita Nyar Gwassi, yaani binti wa Gwassi, kwa sababu ndiko alikozaliwa. Siku niliyokuja kuomba kazi alinitazama nikihangaika kujibu salamu, akamwambia mtu aliyekuwa nyuma ya kaunta, “Huyu atanifaa. Hatanigombanisha na wateja.”

Mtu huyo wa nyuma ya kaunta ndiye aliyenifundisha kazi. Aliitwa Chacha, Mkuria wa upande wa Isebania, mpana wa mabega, mwenye sauti ya mtu anayeita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Mimi sikujua Kikuria, na Kijaluo chake kilitosha kununua samaki tu, kwa hiyo maisha yetu yote ya kazi yalikuwa ya Kiswahili. Yeye ndiye aliyenipa jina la Ling', ambalo kwa Kijaluo ni kumwambia mtu anyamaze. Ni moja ya maneno machache aliyoyajua, kwa sababu aliambiwa kila siku.

Asubuhi hiyo ya kwanza aliingia mwendesha boda, kofia ya pikipiki mkononi, akataka kujaribu ladha ya embe. Chacha alichukua kifaa cha kuonjeshea, akapangusa mdomo wa kifaa hicho kwa pamba yenye spiriti, akavuta yeye kwanza. Alishikilia kidogo, akapuliza mvuke juu kwenye mabati, akatabasamu kama mtu aliyekumbuka jambo zuri. Kisha akapangusa tena na kumpa mteja. Mteja alivuta, akanunua.

Alipotoka niliuliza, “Kwa nini unavuta wewe kwanza?”

Chacha alinishangaa. “Wewe ni Mjaluo wa wapi? Kwenu mama akikuuzia busaa, anakupa bila yeye kuonja?”

“Hapana. Anakunywa kidogo kwanza.”

“Na asipokunywa?”

“Siwezi kunywa.”

“Haya basi. Hata mtu akileta sumu ya panya tutaonja. Huku watu hawanunui kitu cha mdomoni kama mwenyewe anakikwepa.”

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya kazi yetu, na nadhani bado ni yenu. Muuzaji huonja kwanza. Kila mteja, kila ladha. Mteja akitaka kulinganisha nanasi na zabibu na mnanaa, unaonja nanasi na zabibu na mnanaa. Mimi niliipenda sheria hiyo kwa sababu ilinipunguzia maneno. Chacha aliuza kwa kelele, mimi niliuza kwa uso. Nilivuta, nikapuliza, nikanyamaza, na watu wakaniamini. Baada ya muda mfupi Chacha aliacha kabisa kuonja. “Ling' ana uso mzuri zaidi,” aliwaambia wateja. “Mimi nikionja nafanana na mtu anayemeza dawa ya minyoo.” Nilifikiri ananisifu.

Niseme kidogo kuhusu vifaa, kwa sababu wengi wenu mnaviharibu. Ndani ya vepu ya kujaza kuna koili, waya mdogo uliozungukwa na pamba. Ukishajaza maji ya ladha, subiri. Pamba lazima ilowe. Ukiwasha ikiwa kavu unaunguza pamba, na tangu hapo kila ladha itakuwa ladha ya godoro lililoungua. Usijaze mpaka juu, maana maji ya moto yatakurukia kwenye ulimi. Betri iliyovimba usiipe mtu hata akilia. Mikono yako iwe mikavu na isiwe na jeraha, kwa sababu nikotini hupita kwenye ngozi. Haya yote Chacha alinifundisha vizuri, na kwa haya namshukuru. Mteja aliyevaa sare ya shule, Chacha alimfukuza kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe, na hakutaka kujua baba yake ni nani.

Wateja wagumu walikuwepo. Mmoja alirudisha koili akidai tumemuuzia moshi wa mkaa, na kumbe alikuwa amejaza soda. Mwingine, mzee wa suti, aliuliza kwa heshima kubwa kama tuna ladha ya omena, wale dagaa wa ziwani. Chacha akamjibu, “Baba, hiyo ukivuta, paka watakufuata mpaka kanisani.” Nilicheka mpaka nikaangusha chupa. Sitaki mtu adhani kazi ilikuwa ya huzuni. Niliipenda. Nilipenda hasa kutengeneza, kufungua kifaa kilichokufa na kukifufua bila kusema neno na mtu yeyote.

Duka la pili lilipofunguliwa Rongo, Nyar Gwassi alinituma huko peke yangu. Rongo ina chuo kikuu, na vijana wa chuo hawanunui ladha moja. Wanakuja kwa makundi na kila mmoja anataka tofauti. Mchana mzima nilikuwa nikionja. Sikuona ubaya. Sigara ya kawaida ingenikohoza, nami ningeitupa. Hii ilikuwa tamu kila mara. Ulimi ulisema embe, na mimi nikasikiliza ulimi.

Kilichonifumbua macho ni Sabato. Nyar Gwassi ni Msabato wa kweli, hata chai ya majani hanywi. Jumamosi maduka yake yote yalifungwa. Siku hiyo nilikuwa na kichwa kinachouma na hasira isiyo na mwenyewe, dada yangu alijua asiniulize kitu. Lakini moyo ulikuwa umetulia. Kisha Jumapili nafungua duka, naonja kwa wateja wa kwanza wachache, na moyo unaanza kukimbia kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kituo cha polisi. Jumatatu hivyo hivyo, mpaka Ijumaa. Jumamosi unatulia. Sabato ikafuata Sabato, na mwendo ni uleule. Hata mtu wa darasa la nane anaona.

Nilimwambia Nyar Gwassi. Alikuwa akipanga chupa mpya kwenye rafu.

“Mama, moyo unanienda mbio nikiwa kazini.”

“Ni mapenzi,” alisema bila kugeuka. “Hapo chuoni kuna wasichana wengi.”

“Unaruka pia. Unapiga, unasimama kidogo, kisha unagonga kwa nguvu.”

“Nyathina, kula vizuri. Hii ni mvuke wa matunda. Hakuna moshi hapa. Kama ingekuwa sigara, unadhani mimi Msabato ningeiuza?”

Nyathina kwa Kijaluo ni mwanangu. Alinipenda, nadhani. Alinitumia maziwa siku hiyo.

Shangazi yangu naye alisema nimetupiwa kitu na mtu anayetaka kiti changu. Jirani akasema ni vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo sijawahi kunywa. Kila mtu alikuwa na jibu, na kila jibu liliiacha vepu ikae salama. Kisha mchana mmoja, nikiwa nimeonjea kundi kubwa la wanafunzi, niliona kaunta inasogea. Jasho lilinitoka, moyo ukawa unapigapiga bila mpango, na nikajikuta nimekaa sakafuni, wasichana wawili wakinipepea kwa madaftari. Nilipanda gari mpaka hospitali moja ya Homa Bay.

Daktari aliyenipokea alikuwa mwanamke mtulivu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinipima presha, akapima tena mkono wa pili. Alinibandika vitu vya kunata kifuani, akaviunganisha na mashine inayoandika mapigo ya moyo kwenye karatasi. Kisha akauliza kama navuta sigara.

“Hapana. Naonja vepu. Ni kazi.”

“Mara ngapi kwa siku?”

“Wateja wakiwa wengi, naonja sana.”

“Kwa hiyo wewe unavuta kwa niaba ya mji mzima,” alisema. Hakucheka, wala mimi.

Alinieleza kwa maneno ya kawaida. Nikotini huuchapa moyo mjeledi: unakimbia, mishipa inabana, presha inapanda. Mtu wa kawaida akishavuta anaacha, moyo unapumzika kidogo, ndipo anavuta tena. Wangu haukupewa nafasi ya kupumzika isipokuwa Jumamosi. Nilimuuliza kuhusu ladha, kwa sababu ladha ndiyo tuliyoiita salama.

“Ladha ya embe kwenye peremende inapita tumboni,” alisema. “Tumbo limezoea kazi hiyo. Ukiipasha moto ukaivuta, inafika kwenye mapafu na mishipa ya damu, na huko hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba ni salama. Wataalamu wanaona dalili kwamba baadhi ya ladha hizo huumiza ngozi laini ya ndani ya mishipa. Mengine bado wanayachunguza. Sitakudanganya kwamba tunajua yote.”

“Mwenye duka anasema kama hamjui yote, basi haina shida.”

“Mimi nikikupa uyoga nisioujua, utaula kwanza ndipo tuchunguze?”

Akaendelea, “Tena utamu wenyewe ni shida. Sigara kali ingekufukuza. Hii inakubembeleza, unavuta mara nyingi kuliko ambavyo ungevuta. Acha kabisa. Si kupunguza. Ukiacha sasa, wewe ni kijana, huenda moyo ukatulia. Ukiendelea, siwezi kukuambia utafika wapi.”

Narudi kwake mpaka leo kupimwa. Msiniulize kama nimepona, kwa sababu kuna siku naamini na kuna siku kifua kinanikatalia. Na kuacha hakukuwa rahisi. Nilikuwa nikiota embe.

Nilipita Migori kumwona Chacha kabla ya kurudi kazini. Nilimkuta akifungua maboksi. Nilimweleza yote, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka.

“Unaruka, halafu unasimama, halafu unagonga?”

“Ndiyo.”

“Kama chura ndani ya debe.”

“Chacha, wewe umejuaje?”

Aliendelea kukata gundi ya boksi. “Wangu ulianza kabla hujaja. Ndio maana nilimwomba mama alete mtu.”

“Mtu wa kuonja.”

“Mtu wa kusaidia. Omera, ndugu yangu, sikujua ni hii. Nilijua tu kwamba nikiacha kuvuta, chura ananyamaza. Wewe ulikuwa kijana, una kifua kipya.”

Nilitaka kumpigia kelele, lakini kelele ilikuwa kazi yake. Nilimwambia hivi tu: “Ulinipa mimi. Mimi simpi mtu.”

Aliacha kukata gundi. “Basi utakosa kazi, Ling'.”

“Nitakosa.”

Nyar Gwassi hakunifukuza. Alikuwa mjanja kuliko hivyo. Alinisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, “Sawa, usionje. Nafungua duka Mbita. Nitakuwekea meza yako ya kutengeneza vifaa, nyuma, peke yako. Hutaongea na mtu. Kitu kimoja tu: siku ya kufungua, umfundishe mama atakayeuza. Mwonyeshe jinsi unavyoonja. Ule uso wako.”

Meza yangu, nyuma, peke yangu. Hakuna mtu aliyewahi kuniahidi kitu nilichokitaka kuliko hicho. Nilipanda gari kwenda Mbita nikijiambia kwamba kuonyesha mara moja si kuonja, na kwamba yule mama ni mtu mzima.

Mama mwenyewe walimwita Mama Brayo. Alikuwa ameuza omena sokoni hapo Mbita miaka mingi, na alikuwa mkubwa wangu sana, kwa hiyo nilimsalimia kwa mikono miwili. Alikuwa na furaha. Alisema mgongo wake umechoka kuinamia nyavu za kuanikia, na sasa atakaa kwenye kiti kama mtu wa benki. “Nifundishe polepole, mwanangu,” aliniambia. “Mikono yangu imezoea samaki.” Nilimwonyesha meza ya nyuma. Ilikuwa mpya, na taa yake ndogo, na bisibisi zimepangwa kwa ukubwa. Nyar Gwassi hakuwa amedanganya.

Watu walijaa mlangoni. Waendesha boda, wachuuzi wa soko, vijana kutoka Rusinga, akina mama waliokuja kumwona mwenzao amekuwa mtu wa duka. Nyar Gwassi alikuwa amevaa kitenge kipya. Alipiga makofi.

“Nyathina, waonyeshe. Mama Brayo, tazama vizuri, wa pili ni wewe.”

Nilichukua kifaa. Nilijaza, nikasubiri pamba ilowe, nikapangusa mdomo wake. Mikono ilifanya kazi yenyewe. Harufu ya embe ilitoka na mate yakanijaa, sitaficha. Mama Brayo alikuwa amesimama karibu yangu, mkono umeshanyooshwa, tayari kupokea. Mkono wa mtu anayetaka kujifunza vizuri.

“Sionji,” nilisema.

“Ati nini?” mwendesha boda mmoja aliuliza. “Ongea kwa sauti, omera! Tumekuja kununua, hatujaja matanga.”

Watu walicheka. Masikio yangu yaliwaka moto. Watu wote hao walikuwa wakinitazama, na mimi ni yule asiyeweza salamu za watatu.

“Nimesema sionji. Nimeonja Migori, nimeonja Rongo. Hii embe na zile nyingine zote. Sasa moyo wangu unaruka, na daktari wa Homa Bay ameniambia niache. Nimeacha. Na huyu mama simfundishi.”

Nyar Gwassi alicheka kile kicheko chake cha wateja. “Msimsikilize, ana homa. Hii ni embe tu.”

“Kama ni embe,” mama mmoja wa omena alisema, “mbona kijana anaitazama kama nyoka?”

“Si tumekuja kuonja sisi?” mwingine akasema. “Hebu leteni.”

Yule mama wa omena akamkatiza, “Ngoja kwanza. Nyar Gwassi, wewe ukija kwa meza yangu unatafuna omena yangu mbele yangu ukitafuta mchanga, na mimi natafuna na wewe. Hii muuzaji wake ameikataa mchana kweupe. Sasa sisi tununue nini?”

Nyar Gwassi alinisogelea. Alisema kwa sauti ya chini, na kwa Kijaluo, kwamba meza ile ya nyuma naiona, na nisipoonja sasa hivi sitaiona tena. Niliitazama. Taa yake ilikuwa inawaka.

“Naiona, mama,” nilimjibu kwa Kiswahili, ili wote wasikie. “Mpe mwingine.”

Mama Brayo alikuwa bado amenyoosha mkono. Alinitazama usoni, ule uso uliouza vepu Rongo nzima, kisha akaurudisha mkono wake polepole na kuupangusa kwenye leso, ingawa haukuwa umeshika kitu.

“Mimi nina watoto,” alisema. “Nyar Gwassi, duka ni lako, embe ni yako. Onja wewe.”

“Ndio hivyo!” mwendesha boda akapaza sauti. “Mwenye duka aonje!”

Walianza kupiga makofi, wengine kwa utani, wengine kwa dhati. “Aonje! Aonje!” Nilimgeuzia Nyar Gwassi kifaa, mdomo upande wake, nikampa kwa mikono miwili kama tunavyompa mkubwa kitu. Alikipokea. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona amekishika namna hiyo. Alikiinua mpaka karibu na kidevu, na makofi yakakoma, kwa sababu kila mtu alitaka kuona.

Hapo alikishusha.

“Mimi nina presha,” alisema.

Hakuna aliyecheka. Nilivaa koti langu, nikatoka pamoja na wateja.